Nyumba Ndogo Mezani: Ya Kijapani Tumeiweza, ya Kiluguru Je?

Niweke wazi mapema kabla hujanifikiria vibaya: nyumba ndogo ninayoizungumzia hapa si ile ya mtaani. Nazungumzia nyumba ya boksi na vijiti vya mianzi, yenye ukubwa wa sahani ya wali, inayowekwa juu ya meza ili visanamu vya samurai vipigane mbele yake. Kama unakaa hosteli za hapa Morogoro, au umepanga geto karibu na chuo, huenda umeshaiona. Wanaocheza ni wachache. Wanaosogea kushangaa ni wengi, na kila anayeshangaa ana swali lilelile: "Hii mmenunua wapi?" Haikununuliwa. Imejengwa kwa mkono na mtu ambaye kesho yake ana tesiti.

Maoni yangu ni haya: wanaojenga nyumba hizi wanafanya jambo la maana kuliko wanavyodhani wenyewe, na nyumba inayofuata mezani inapaswa kuwa msonge wa Uluguru. Sisemi hivyo kwa uzalendo wa kwenye bango. Nasema kwa sababu ukijaribu kuujenga msonge kwa umakini uleule unaotumia kwa nyumba ya Kijapani, utakutana na pengo ambalo hakuna mhadhara uliowahi kukuonyesha. Na pengo hilo linapanuka kila mzee anayelijua jibu anapozikwa.

Kazi yenyewe ilivyo

Tuanze na ufundi, maana wengi wanaoicheka kazi hii hawajawahi kuijaribu. Michezo ya vita ya mezani hutumia visanamu vyenye kimo cha milimita 28 hivi. Kwa kimo hicho, wajenzi wengi huchagua kipimo cha 1 kwa 56, yaani sentimita 1 mezani inasimama badala ya sentimita 56 za kweli. Boksi gumu linakatwa kuwa sakafu. Vijiti vya mishikaki vinakuwa nguzo na boriti. Njiti za kiberiti zinakuwa fremu ya milango ile ya kusukuma pembeni inayoitwa shoji, halafu karatasi nyembamba inabandikwa kwa nyuma ili mwanga upite. Paa linaezekwa kwa nyuzi za katani zilizokatwa fupi fupi, zikapakwa gundi ya mbao na kupangwa safu kwa safu kuanzia chini kwenda juu, vilevile fundi wa kweli anavyoezeka nyasi ili maji yateleze yasizame. Mkoa wetu ni wa mkonge, kwa hiyo katani si kitu cha kuagiza ng'ambo.

Kuna mambo ambayo mchezo wenyewe unayadai. Paa lisigandishwe, liwe la kufunuliwa kama kifuniko cha sufuria, ili mchezaji aweze kuingiza visanamu ndani. Mlango nao una kesi yake. Mlango wa kweli wenye upana wa sentimita 90 ukiupunguza kwa kipimo unabaki milimita 16, wakati kitako cha kisanamu huwa na milimita 25. Ukifuata kipimo bila kufikiri, samurai wako atabaki nje kama mpangaji anayedaiwa kodi. Kwa hiyo fundi anajifunza lini afuate kipimo na lini akiuke, na akikiuka ajue kwa nini. Ukiniuliza mimi, hilo ni somo la usanifu tosha.

Gharama? Gundi, wembe, rula na subira. Bumu haliishi kwa sababu hiyo. Linaisha kwa sababu nyingine tunazozijua.

Kwa nini ya Kijapani inawezekana

Sasa tafakari jambo moja. Mwanafunzi ambaye hajawahi kupanda ndege anajenga nyumba ya Kyoto bila kubahatisha. Anajua urefu wa nguzo. Anajua paa linatokeza kiasi gani. Anawezaje?

Anaweza kwa sababu nyumba ile imejaa namba, na namba zimeandikwa. Mkeka mzito wa sakafuni, tatami, una takriban sentimita 180 kwa 90, na tofauti kati ya mikoa ya Japani ni ndogo. Chumba chenyewe kinatajwa kwa idadi ya mikeka: chumba cha mikeka 6, chumba cha mikeka 8. Ukishajua mkeka, umeshajua chumba. Mezani unakuwa milimita 32 kwa 16, na kila kitu kingine kinajipanga kuuzunguka. Seremala wa Kijapani alikuwa na kipimo chake, shaku, chenye sentimita 30.3, na vilikuwapo vitabu vya michoro vya mafundi tangu karne nyingi zilizopita.

Zaidi ya namba kuna sababu. Nguzo hazichimbiwi ardhini. Zinasimama juu ya mawe ili mti usioze. Sakafu imeinuliwa kukwepa unyevu. Paa linatokeza mbali kwa sababu kuta ni za karatasi na udongo, na mvua ikizifikia zimekwisha. Kwa hiyo mtu anayejenga kielelezo chake hakariri umbo tu. Anaielewa nyumba kama jibu la hali ya hewa.

Tena yupo mtu mmoja ambaye kila mwanafunzi wa sayansi angefaa kumjua. Mwaka 1877 Mmarekani Edward Morse, mtaalamu wa wanyama, alikwenda Japani kutafiti viumbe wa baharini. Akafundisha Chuo Kikuu cha Tokyo, na pembeni ya kazi yake akawa anachora nyumba za watu wa kawaida: jiko, choo, kisima, jinsi ubao unavyoungana na ubao. Mwaka 1886 akatoa kitabu chenye michoro takriban 300. Hakuwa msanifu majengo. Alikuwa mtu wa zoolojia mwenye daftari na macho yasiyodharau. Hapa SUA watu wa aina hiyo wamejaa tele: watu wa misitu, wa wanyamapori, wa udongo. Madaftari tunayo. Kilichobaki ni macho.

Haya, jaribu msonge

Chukua boksi lilelile, kata duara. Msonge wenye kipenyo cha mita 5 utakuwa na sentimita 9 mezani, kama kisosi cha chai. Hadi hapo mambo safi. Ngoma inaanza ukishika kijiti cha kwanza.

Nguzo za ukuta ni ngapi, na zinaachana kiasi gani? Kuna nguzo ya kati au mapao yanabebana yenyewe? Kule kileleni yanakutana vipi, na yamefungwa kwa magome ya mti gani? Fito zinapita ndani ya nguzo, nje, au pande zote mbili? Udongo unakandikwa mara ngapi, na unachanganywa na nini usipasuke? Nyasi zinafungwa matita au zinatandazwa? Ukingo wa paa unaishia usawa wa kiuno au usawa wa goti? Mlango unatazama mlimani au bondeni? Mafiga yanakaa katikati au pembeni, na mahindi yananing'inizwa wapi ili moshi uyafikie?

Halafu usisahau kwamba huu ni mlima. Nyumba haikukaa kwenye tambarare kama ya Dodoma. Kiwanja kilikatwa kwenye mteremko, na maji ya masika yalipaswa kupewa njia, la sivyo yangejipa yenyewe. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupokea pepo za Bahari ya Hindi na mvua nyingi kuliko upande wa magharibi kule Mgeta. Fundi wa Kinole na fundi wa Mgeta waliliinamisha paa sawasawa? Mtu yeyote anayesoma umwagiliaji au hali ya hewa anapaswa kulitamani jibu la swali hilo.

Picha haikuulizi maswali haya. Unaweza kuitazama picha ya msonge miaka 20, ukaiweka kwenye slaidi, ukapigiwa makofi, bila kujua hata pao moja limeshikwa na nini. Picha inavumilia kutojua kwako. Kijiti hakivumilii: ama kinafika, ama hakifiki. Ndiyo maana nasema kielelezo cha mezani ni chombo cha utafiti. Kinakulazimisha ujue hasa ni kitu gani hukijui, na ukishalijua hilo, unaweza kupanda daladala kwenda kuuliza.

Elimu ilikuwa inakaa wapi

Mtu atasema: basi tatizo ni kwamba wazee wetu hawakuandika. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Hata Wajapani, sehemu kubwa ya ufundi wao haikukaa kwenye karatasi. Ilikaa kwenye kurudia.

Hekalu la Ise linavunjwa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013. Mtu wa nje anaweza kuona ni ubadhirifu: kwa nini uvunje jengo zima? Lakini hesabu inajieleza. Katika miaka 20 kijana aliyebeba mbao anakuwa fundi, na fundi anakuwa mzee anayeelekeza. Jengo halizidi miaka 20. Elimu ya kulijenga ina zaidi ya miaka 1,300. Kule kijiji cha Shirakawa-go, ambacho UNESCO ilikiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995, nyumba zina mapaa ya nyasi yaliyochongoka kama viganja vya mtu anayesali. Mbao za paa zimefungwa kwa kamba bila misumari. Siku ya kuezeka upya wanakijiji wanapanda paani pamoja, na ndani ya nyumba moto wa katikati hufukiza nyasi zisiliwe na wadudu.

Kamba, nyasi, moshi, kijiji kizima paani. Bibi yeyote wa Uluguru angeielewa nyumba hiyo bila mkalimani.

Milimani kwetu mfumo ulikuwa uleule, tena bila kuhitaji sherehe. Nguzo zilizochimbiwa ardhini huliwa na mchwa. Nyasi huoza. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya kurudiwa, na kila ilipojengwa upya palikuwa na darasa: watoto wanakanyaga udongo, vijana wanakata fito, wanawake wanakandika, mzee anaonyesha kwa fimbo pale palipokosewa. Nyumba isiyodumu ndiyo iliyokuwa shule. Hakuna aliyehitaji kuandika kitu ambacho angekifanya tena baada ya miaka michache.

Kisha likaja bati, na matofali ya kuchoma. Sina ugomvi na bati. Nani anataka kuamka usiku wa masika kuhamisha kitanda? Lakini bati lilipomaliza kazi ya kuezeka upya, lilifunga pia lile darasa, na hakuna aliyegundua kwamba shule imefungwa kwa sababu haikuwa na kengele wala bango. Mtu aliyekuwa na miaka 15 Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, leo ana karibu miaka 80. Huyo ndiye maktaba yetu, na maktaba hiyo haiongezi muda wa kuazima.

Kasubi inatufundisha nini

Wanaodhani haya ni masikitiko ya watu wanaopenda vitu vya kale, watazame Uganda. Machi 2010 moto uliteketeza jengo kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala: nyumba kubwa ya duara ya miti, matete na nyasi, iliyokuwa kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Uchungu ulikuwa mkubwa. Swali lililofuata, hata hivyo, lilikuwa la kifundi: nani anajua kuijenga?

Buganda ilikuwa na jibu. Kwa mila yao kuezeka jengo lile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na elimu hiyo ilikuwa bado mikononi mwa watu. Ujenzi ulichukua miaka mingi na ulikuwa na misukosuko yake, lakini nyumba ilisimama, na mwaka 2023 UNESCO iliitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Na unajua nani alikuwa miongoni mwa waliochangia fedha za kuirejesha? Serikali ya Japani. Watu wanaolijua nyasi hawahitaji kuelezwa sana thamani ya nyasi.

Ukanda wetu nyumba za mawe zimepata bahati. Kilwa Kisiwani, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu zimepimwa, zimechorwa, zimeandikwa. Jiwe linasubiri mtafiti hata karne tano. Nyasi hazisubiri.

Majibu kwa wanaopinga

Nimeshasikia hoja tatu, na zote zinastahili jibu.

Ya kwanza: "Michezo ya mezani ni ya watoto, tena ya Wazungu." Pita kijiwe chochote cha bao uwaambie wazee hivyo, halafu ukimbie. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kulicheza vizuri kunataka kichwa kinachoona mbali kuliko wengi wetu tunavyoona kwenye UE. Na jambo la kufurahisha: katika bao hilo lipo shimo moja la pekee kila upande, lenye kanuni zake, ambalo mchezaji hulilinda kwa akili zake zote. Linaitwa nyumba. Mchezo unapoanza linakuwa na kete 6, na likipotea vibaya mchezo unaweza kugeuka. Kwa hiyo kupigania nyumba mezani hatukuanza kwa samurai. Tulianza kitambo.

Ya pili: "Msonge ni umaskini, mnataka kuturudisha nyuma." Hakuna anayekwambia ukalale humo. Wajapani wengi leo wanaishi kwenye maghorofa ya zege, na bado wanajua tatami ni nini. Kujua babu alijengaje hakukuzuii kujenga vingine. Tena Mwalimu Nyerere, katika tathmini yake ya mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, aliwalaumu watu waliokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae huku wakisubiri bati na saruji, na aliona huko ni kupooza kwa fikra. Hakuwa akitetea misonge. Alikuwa akisema tusidharau udongo kwa sababu tu ni wetu. Leo, joto la chumba cha bati mwezi wa Januari pale mjini linawafundisha wapangaji somo hilohilo bila mhadhiri. Paa nene la nyasi na ukuta wa udongo vina jambo la kutuambia kuhusu joto, na huwezi kulisikia kama hujui vilijengwaje.

Ya tatu: "Muda hatuna, tutakamata sapu." Hii naiheshimu zaidi. Lakini hebu tuwe wakweli: muda wa kubishana kuhusu Simba na Yanga tunao. Msonge wa mezani ni kazi ya wikiendi mbili. Na kwa mtu wa misitu, kujua kwamba mti anaoujua kwa jina la Kilatini ulikuwa ukitumika kwa mapao kwa sababu mchwa wanaukwepa, hiyo ni sehemu ya msuli, si ya kupoteza muda. Huenda ni mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho inayokusubiri huku wewe unadesa ya mwenzako.

Tufanyeje

Napendekeza kitu kidogo kinachowezekana. Serikali ya wanafunzi itoe meza moja na Jumamosi moja kwa mwezi, pale panapofaa, iwe kampasi kuu au Mazimbu. Wanaojenga nyumba za Kijapani wawafundishe wengine ufundi wao: kupima, kukata, kuezeka kwa katani. Msiwacheke. Wao ndio walimu tulionao.

Kisha kila kikundi cha watu watatu au wanne kichague upande mmoja wa mlima na kwenda kuuliza. Aende angalau mmoja mwenye asili ya huko, anayekijua Kiluguru. Mnaanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, mnajieleza, ndipo mnaelekezwa kwa mzee. Msiende mikono mitupu. Kilo ya sukari haijawahi kumuaibisha mgeni. Shikamoo kwanza, daftari baadaye. Na msiishie kwa mababu. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Anayeuliza habari za nyumba bila kumuuliza bibi amerudi na nusu ya jibu. Muulizeni nani alikuwa na kauli ya mwisho nyumba ikijengwa, nani alikandika, nani alilala upande gani.

Nendeni na kielelezo chenu ambacho hakijamalizika. Hili ni muhimu. Ukimuuliza mzee "misonge ilijengwaje?" atakujibu kwa sentensi mbili, kwa adabu, ili usichelewe gari. Ukimwekea mbele kijumba kilichokosewa, atakichukua mkononi, atacheka, atang'oa kijiti na kukisogeza mahali pake. Mikono inakumbuka mambo ambayo mdomo umeshayasahau. Andika alichokisogeza. Andika jina la Kiluguru la kila sehemu na kila mti. Pima kwa njia aliyopimia yeye, kama ni hatua, dhiraa au shibiri, kisha ugeuze kuwa sentimita ukirudi geto.

Mwisho, chora karatasi moja: duara la chini, ukuta, paa, vipimo, majina, kijiji, mwaka. Nakala moja irudi kijijini kwa aliyetoa elimu, nyingine ikae maktaba ya chuo ambako mtu wa mwaka 2060 ataikuta. Vikundi kumi, karatasi kumi, na tayari tutakuwa na kitu ambacho leo hatuna.

Na mchezo je? Mchezo upo. Samurai wanaweza kubaki, hawana kosa. Lakini nyumba ikibadilika, kanuni nazo zinaweza kubadilika. Nauona mchezo ambao wachezaji wanne wana familia nne kwenye mteremko mmoja, na masika yanakuja. Kila mmoja ana nyasi, fito na siku chache. Ukiezeka peke yako hutamaliza. Ukiwasaidia wengine mno, lako litavuja. Hakuna kiwanja kinachotolewa bila idhini ya mama wa ukoo. Hakuna anayekatwa kichwa, na bado nakuhakikishia watu watagombana mezani hadi saa sita usiku.

Wanangu wa nyumba za Kijapani, mmetuonyesha kwamba kwa boksi na gundi mtu anaweza kuiheshimu nyumba ya watu wa mbali hadi kwenye njiti ya mwisho. Heshima hiyohiyo ipelekeni saa moja na nusu kutoka hapa, juu ya barabara ya Kinole. Masika yanaanza Machi, na barabara ikishakuwa tope hakuna gari litakalowafikisha. Nendeni kabla.